Toše Proeski au Karolina Gočeva: uanze na nani katika pop ya Masedonia Kaskazini?

Muulize mtu yeyote anayefuatilia muziki wa Balkani uanze na nani kutoka Masedonia Kaskazini, na jibu litakuja kabla hujamaliza swali: Toše Proeski. Ni jibu la haki. Shida ni kwamba mara nyingi linatolewa kwa sababu ya namna alivyokufa, na msikilizaji mpya anajikuta anatazama video za mazishi kabla hajausikia uchangamfu wa kijana huyo jukwaani. Kwa maoni yangu swali hili linahitaji jina la pili kando ya la kwanza, nalo ni Karolina Gočeva.

Nimewachagua hawa wawili kwa sababu ukiwaweka bega kwa bega wanalingana kwa mambo mengi mno, kiasi kwamba tofauti zao zinaonekana wazi. Wamepishana miezi tisa tu kwa umri. Wote wametoka kusini-magharibi mwa nchi, miji yao iko jirani. Wote walianza kuimba hadharani wakiwa watoto, wote walitoa albamu zao katika lugha mbili, wote walikwenda Eurovision, shindano la nyimbo la kila mwaka la nchi za Ulaya, na kila mmoja akawahi kushika nafasi ya 14. Na wote wawili, walipokwisha kupata jina kwenye pop, walirudi nyuma kurekodi nyimbo za kale za kwao. Toše alifariki mwaka 2007 akiwa na miaka 26. Karolina bado anaimba.

(Toše hutamkwa Toshe, Gočeva hutamkwa Gocheva, na herufi j kokote utakapoiona isome kama y. Kwa hayo matatu utakuwa umefika mbali.)

Walikotoka

Toše alizaliwa Prilep tarehe 25 Januari 1981, akakulia Kruševo, mji mdogo wa mlimani ulio zaidi ya meta 1,300 juu ya usawa wa bahari. Kila mtoto wa shule nchini humo anaujua mji huo, kwa sababu mwezi Agosti 1903 waasi waliopigana na utawala wa Waosmani, yaani dola ya Waturuki, waliuteka na kutangaza jamhuri yao, iliyodumu siku kama 10 tu kabla ya jeshi la Sultani kurudi. Kruševo pia ni makao ya siku nyingi ya Wavlahi, watu ambao lugha yao ni jamaa ya Kiromania, na ukoo wa Toše ni wa hao. Kwa hiyo yule ambaye baadaye aligeuka kuwa sura ya taifa zima alitoka katika jamii ndogo ndani ya taifa dogo.

Akiwa na miaka 12 aliimba katika tamasha la watoto la Skopje, mji mkuu wa nchi, linaloitwa Zlatno slavejče. Mwaka 1996 akashinda mashindano ya vijana ya Melfest kule Prilep. Baadaye alisomea uimbaji katika kitivo cha muziki cha Skopje, na hata alipokuwa nyota aliendelea kuchukua masomo ya uimbaji wa opera kwa mwalimu William Riley wa New York. Hilo la opera liweke akilini, maana linasikika. Toše anapopanda juu sauti haipasuki wala haibanwi kooni; inafunguka. Waimbaji wengi wa pop hukimbilia kupiga kelele pale ambapo yeye alikuwa bado ana akiba.

Karolina alizaliwa Bitola tarehe 28 Aprili 1980. Bitola ni mji mkubwa wa pili au wa tatu nchini, kutegemea unahesabu vipi, na enzi za Waosmani ulikuwa na mabalozi wadogo wa madola ya Ulaya, maduka ya bidhaa za Vienna, na barabara ya kutembea jioni ambayo mpaka leo watu wanaitembea. Alipanda jukwaani mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, bado mtoto. Albamu yake ya kwanza, Mamo pušti me, ilitoka mwaka 2000, yaani mwaka mmoja baada ya albamu ya kwanza ya Toše, Nekade vo nokta.

Sauti yake ni ya namna nyingine kabisa. Si sauti ya kutikisa ukumbi. Ni ya kati, ina joto, na ina pumzi ndani yake. Anaimba kana kwamba msikilizaji ameketi upande wa pili wa meza. Ukimsikiliza mara moja tu, hasa baada ya Toše, unaweza kudhani hana uwezo. Msikilize tena kwa makini pale anapomalizia mistari: silabi ya mwisho haitupi, anaiweka chini taratibu, mara nyingine anaipinda kidogo kama wanavyofanya waimbaji wa nyimbo za zamani. Ni ustadi wa mtu anayejua maneno yanataka nini.

Albamu moja, lugha mbili

Hapa ndipo wanunuzi na wasikilizaji wapya hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Masedonia Kaskazini ina watu wasiofika milioni 2, idadi inayokaribiana na ya Zanzibar. Soko la namna hiyo haliwezi kumlisha nyota wa pop. Lakini jirani zake wa iliyokuwa Yugoslavia, yaani Serbia, Kroatia, Bosnia na Herzegovina, Montenegro na Slovenia, wote kwa pamoja ni soko la zaidi ya watu milioni 15, na lugha zao zina undugu na Kimasedonia. Ndiyo maana mwimbaji anayetaka kuishi kwa kazi yake hurekodi albamu ileile mara mbili: mara moja kwa Kimasedonia kwa ajili ya nyumbani, mara nyingine kwa Kiserbia au Kikroatia kwa ajili ya majirani.

Kwa Toše utakuta Den za nas na Dan za nas za mwaka 2004, Po tebe na Pratim te za 2005, Igri bez granici na Igra bez granica za 2007. Jozi ya kwanza, ya pili na ya tatu, kila moja ni kazi moja iliyovaa nguo mbili. Karolina naye ana Vo zaborav na U zaboravu za mwaka 2005. Ukiona orodha ya albamu zao inaonekana ndefu ajabu, sababu ni hiyo.

Sasa, toleo lipi uchague? Kwa Toše nasema bila kusita: vibao vyake vikubwa visikilize kwa Kiserbia na Kikroatia. Čija si, Pratim te, Krajnje vreme, Igra bez granica, hizo ndizo zilizoimbwa na umati kuanzia Belgrade mpaka Zagreb na Sarajevo, na kwenye rekodi za maonyesho utawasikia watu wakimaliza kiitikio kabla yake. Mwaka 2003 Čija si ilishinda tamasha la kwanza la Beovizija huko Belgrade. Yaani kijana wa Kruševo akawashinda Waserbia katika tamasha lao.

Na usilichukulie jambo hilo kirahisi. Toše alianza kupata jina miaka michache tu baada ya vita vilivyoivunja Yugoslavia. Mwaka 1999 mabomu yalikuwa yanaanguka Serbia na wakimbizi wa Kosovo wanamiminika Masedonia. Mwaka 2001 Masedonia yenyewe ilikuwa na mapigano kati ya vikosi vya serikali na wapiganaji wa Kialbania, yakaisha kwa Mkataba wa Ohrid mwezi Agosti. Katika hali hiyo, mwimbaji mmoja anayependwa Belgrade na Zagreb kwa wakati mmoja lilikuwa jambo adimu. Vijana ambao wazazi wao walikuwa wamepigana walikuwa wanaimba maneno yaleyale. Nadhani hii ndiyo sababu hasa ya ukubwa wake, kuliko hata sauti.

Kwa Karolina ushauri wangu ni kinyume. Ana vibao vizuri kwa Kiserbia, na Kad zvezde nam se sklope wa mwaka 2003 ulimfungulia milango ya Belgrade. Lakini kwa Kimasedonia anakuwa mtu mwingine. Konsonanti zinalainika, mstari unapata nafasi, na ile pumzi yake inapata pa kukaa. Kama una uchaguzi kati ya Vo zaborav na U zaboravu, chukua ya kwanza.

Eurovision, kwa kifupi

Watu wengi nje ya Balkani waliwaona wawili hawa kwa mara ya kwanza kwenye Eurovision, na kwa bahati mbaya hapo si mahali pazuri pa kuwahukumu.

Toše alikwenda Istanbul mwaka 2004 na wimbo Life, kwa Kiingereza. Alipata alama 47 na nafasi ya 14. Wimbo wenyewe ni wa kawaida, Kiingereza kinambana, na uchezaji wa jukwaani unafunika sauti. Ukianzia hapo utajiuliza watu wanamsifia nini. Ruka.

Karolina alikwenda mara mbili. Tallinn mwaka 2002 aliimba Od nas zavisi kwa Kimasedonia, akawa wa 19. Helsinki mwaka 2007 alirudi na Mojot svet, akapata alama 73 na nafasi ya 14 ileile ya Toše. Huu wa pili una thamani ya kusikilizwa, kwa sababu ndani yake tayari kuna mapigo na mapambo ya muziki wa kwao, na mwaka mmoja baadaye aliyaendea mapigo hayo moja kwa moja. Miongoni mwa hao wawili, katika Eurovision peke yake, Karolina ameshinda.

Nyimbo za zamani: hapa ndipo uamuzi ulipo

Mwaka 2006 Toše alitoa Božilak, jina lenye maana ya upinde wa mvua. Hakuna kibao kipya hata kimoja humo. Ni nyimbo za jadi na zile za zamani ambazo kila bibi nchini anazijua, zimepangiwa okestra. Mwaka 2008 Karolina alitoa Makedonsko devojče, naye akizifuata nyimbo za aina hiyo, kisha mwaka 2014 akaongeza sehemu ya pili. Kama utasikiliza albamu mbili tu kutoka nchi hii, basi ni hizi, na zinaonyesha tofauti yao kuliko kitu kingine chochote.

Tuanze na Božilak na wimbo mmoja, Zajdi, zajdi, ambao uliimbwa kwanza na Aleksandar Sarievski. Mwimbaji anaanza kwa kuliambia jua lizame na mwezi ukimbie. Halafu anaugeukia msitu na kuuita dada: tuomboleze pamoja, wewe kwa ajili ya majani yako, mimi kwa ajili ya ujana wangu. Kisha anaueleza ukweli unaouma, kwamba majani yatarudi, lakini ujana wake haurudi. Sarievski aliuimba kwa sauti ya mtu mzima anayejua anachosema. Toše aliurekodi akiwa na miaka 25. Anaanza chini, karibu bila ala, mistari mirefu isiyoharakishwa. Okestra inaingia polepole chini yake. Na anapofika kwenye ujana ndipo yale masomo ya opera yanapolipa. Sauti inapanda, inakaa juu, halafu inashuka bila kutetereka. Hakuna kilio cha kuigiza. Mwaka mmoja baadaye alikuwa amekufa, na leo ni vigumu kwa mtu wa kwao kuusikia wimbo huo bila kumfikiria yeye.

Albamu nzima imejengwa hivyo: pana, ya heshima, ya ukumbi mkubwa. Ina uzuri wa kanisa kuu. Udhaifu wake ni huohuo. Nyimbo hizi zilizaliwa kwenye arusi, mashambani na kwenye mikahawa, na mara nyingine nyuzi za okestra zinazivisha suti ambayo haziihitaji.

Karolina alichukua njia nyingine. Wimbo uliotoa jina la albamu yake, Makedonsko devojče, uliandikwa na Jonče Hristovski katika miaka ya 1960, na unamsifu msichana wa Kimasedonia kwa mfano wa ua bustanini. Maneno ni mepesi. Siri iko kwenye mapigo, ambayo ni saba. Yahesabu hivi, ukipiga kofi kila unaposema moja: moja-mbili-tatu, moja-mbili, moja-mbili. Pigo la kwanza refu, mawili mafupi. Sisi tuliozoea chakacha na ngoma nyingi za pwani masikio yetu yako kwenye sita, na mwili unajua lini mzunguko unafunga. Hapa unafunga pigo moja baadaye. Mara ya kwanza mguu utapotea njia. Ukirudia mara kadhaa utaanza kuona kwamba ile saba haichechemei. Inasukuma mbele, ndiyo maana watu wanaweza kuucheza usiku kucha wakiwa wameshikana mikono kwa mstari mrefu.

Karolina anaimba juu ya mapigo hayo kwa utulivu wa mtu aliyelelewa nayo. Hasisitizi, hakuonyeshi kwamba ni magumu. Sauti iko karibu, ala haziizidi, na unayasikia maneno yote. Mwenye kupenda maneno kwenye wimbo atapata raha zaidi hapa kuliko kwenye Božilak.

Kuna jambo jingine ambalo msikilizaji wa taarabu atalitambua. Miji ya Masedonia chini ya Waosmani, Bitola ikiwemo, ilikuwa na vikundi vya muziki vilivyoitwa čalgija. Ala zao zilikuwa fidla, klarineti, udi, ganuni na dafu. Ganuni na udi hizohizo, kwa njia ya Misri, ndizo zilizofika Zanzibar enzi za Sultani Barghash na kuwa uti wa mgongo wa taarabu asilia. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Ni ulimwengu mmoja wa muziki uliotawanya matawi, moja likaota milimani Balkani, jingine likaota Unguja. Kwa hiyo ile namna ya kupinda sauti mwishoni mwa mstari, ile huzuni isiyo na haraka, sikio la pwani haliipokei kama kitu kigeni sana. Nyimbo za mijini za Masedonia zimebeba mengi ya urithi huo, na Karolina, binti wa Bitola, anaubeba kwa wepesi kuliko Toše.

Kwa sababu hiyo, ukiwa umelelewa na taarabu, napendekeza uanze na Karolina, ingawa karibu kila mtu atakuambia vinginevyo. Ukiwa umelelewa na kwaya za kanisani, au unapenda waimbaji wenye sauti kubwa za kusimamisha nywele, anza na Toše, na anza na Božilak.

Oktoba 2007

Siwezi kumlinganisha Toše na mtu yeyote bila kusema haya, maana yamebadilisha namna anavyosikilizwa.

Tarehe 5 Oktoba 2007 alifanya onyesho kwenye uwanja wa mpira wa Skopje. Lilikuwa onyesho la hisani, mapato yake yakiwa kwa ajili ya shule za msingi. Hilo halikuwa jambo jipya kwake: mwaka 2004 alikuwa ameteuliwa balozi wa UNICEF, na maonyesho ya kuchangia watoto na wagonjwa yalikuwa sehemu ya kazi yake ya kawaida. Rekodi ya usiku ule ipo. Ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu humo kuna Toše mzima: anacheka, anaruka, anawapa umati wamalizie mistari, halafu ghafla anatulia na kuimba wimbo wa kale na uwanja wote unanyamaza.

Siku 11 baadaye, alfajiri ya tarehe 16 Oktoba, gari alilokuwa amepanda liligonga lori kwenye barabara kuu ya Kroatia, karibu na Nova Gradiška. Hakuwa yeye dereva. Alifariki palepale, wenzake wawili waliokuwa naye walinusurika. Serikali ya Masedonia ilitangaza maombolezo ya kitaifa, akazikwa kwa heshima za kiserikali Kruševo, na mishumaa iliwashwa katika miji ambayo muongo mmoja uliotangulia ilikuwa haisemezani. Mwaka 2009 ikatoka The Hardest Thing, albamu ya Kiingereza aliyokuwa akiiandaa. Mwaka 2011 nyumba ya kumbukumbu yake ilifunguliwa Kruševo, na watu wanapanda mlima ule mpaka leo.

Wapenzi wa mpira wanaujua uwanja ule bila kujua wanaujua: Agosti 2017 Real Madrid iliifunga Manchester United 2–1 palepale, kwenye UEFA Super Cup. Wakati huo ulikuwa unaitwa kwa jina la mfalme Filipo wa Pili. Mwaka 2019 ukapewa jina la Toše Proeski.

Haya yote yanamwinua, na ni haki yake. Lakini yanamfanya pia awe mgumu kusikilizwa. Watu wanamgeuza malaika, na malaika hakosei noti wala hatoi wimbo dhaifu. Toše alitoa nyimbo dhaifu kadhaa, hasa miaka ya mwanzo, pop ya sintesaiza ya wakati wake iliyozeeka vibaya. Aliishi miaka minane tu tangu albamu ya kwanza. Tuna mwanzo wake na mapambazuko ya ukomavu wake, basi.

Karolina, kwa upande wake, tunamsikia akikua. Kapka pod neboto ya mwaka 2010 ni ya mwanamke wa miaka 30 anayejua anachotaka kusema. Izvor ya mwaka 2018 imetulia zaidi, haina haja ya kumfurahisha kila mtu. Ukizisikiliza kwa mpangilio kuanzia Vo zaborav, unafuatana na mtu mmoja kwa zaidi ya muongo mzima, anavyobadilika katika mapenzi, katika kupoteza, katika kuridhika. Hicho ni kitu ambacho Toše hakupewa nafasi ya kutupa, na ndicho kinachonifanya nimsikilize Karolina mara nyingi zaidi, japo Toše ndiye anayenitoa machozi.

Kama wawili hawa hawakufai

Inawezekana unataka kitu kikali zaidi. Mtafute Kaliopi, aliyezaliwa Ohrid mwaka 1966 na kuanza enzi za Yugoslavia akiwa na bendi yenye jina lake. Crno i belo, aliyokwenda nayo Eurovision ya Baku mwaka 2012 na kushika nafasi ya 13, inaanza kama wimbo wa mapenzi wa polepole na kuishia kwenye roki yenye mguno wa juu ambao mtu hausahau. Wimbo huo alitungiwa na Romeo Grill, aliyewahi kuwa mume wake, na maneno ni ya Kimasedonia kitupu.

Ukitaka mizizi, rudi kwa Esma Redžepova wa Skopje, wa jamii ya Waroma (si watu wa mji wa Roma), aliyezaliwa mwaka 1943 na kufariki mwaka 2016. Akiwa binti mdogo alishinda shindano la vipaji la Redio Skopje, akaolewa na mpiga kodiani Stevo Teodosievski, na pamoja wakawalea watoto 47 waliokuwa hawana pa kwenda, wengi wao wakawa wanamuziki. Čaje šukarije ndio wimbo wake wa kuanzia. Huyu si pop hasa, lakini waimbaji wote niliowataja wamepita kwenye njia aliyoifyeka.

Na kama unataka pop ya sasa iliyopikwa kimataifa, Tamara Todevska alikwenda Eurovision ya Tel Aviv mwaka 2019 na Proud, akaongoza kura za majaji na kumaliza wa 7, matokeo bora kuliko yote ya nchi hiyo. Ni wimbo mzuri. Wa Kiingereza, na ungeweza kutoka nchi yoyote.

Mpangilio wa kusikiliza

Mpenzi wa taarabu: Makedonsko devojče ya Karolina yote, kisha Zajdi, zajdi ya Toše, kisha Vo zaborav. Pop ya Toše iache mpaka sikio limezoea.

Mpenzi wa sauti kubwa: Božilak, kisha onyesho la Skopje la tarehe 5 Oktoba 2007, kisha Pratim te. Baada ya hapo nenda kwa Kaliopi kabla ya Karolina, maana ukitoka kwa Toše moja kwa moja hutamsikia Karolina vizuri.

Mpenzi wa pop ya kuchezea na kuendeshea gari: Igra bez granica ya Toše ndiyo albamu yake iliyosukwa vizuri kuliko zote, na wimbo wenye jina hilo unafaa barabara ndefu. Wa pili uwe Mojot svet.

Unapowatafuta mtandaoni, andika majina pia kwa herufi za Kisirili, Тоше Проески na Каролина Гочева, kwa sababu rekodi nyingi za redio na televisheni za kwao zimewekwa kwa herufi hizo tu. Kwa herufi zetu, jaribu na bila alama: Tose, Goceva. Na ukikutana na wimbo uleule kwa majina mawili yanayokaribiana, usidhani ni kosa la mtu aliyeuweka. Sikiliza matoleo yote mawili, ubaki na lile ambalo ulimi wako unaanza kulifuatisha.